Kupita njia ya ukindu Rutamba bila kuzama

Mara ya kwanza nilizama nikiwa darasa la nne. Bibi alikuwa mbele na panga mkononi, mzigo wa makuti machanga ya mkindu kichwani. Mimi nyuma nimemtolea macho hondohondo anayepiga kelele juu ya mkuyu. Niliacha nyayo za bibi hatua mbili tu, upande wa kulia. Mguu ukaingia hadi gotini. Nikauvuta kwa nguvu, wa pili ukaingia hadi pajani. Bibi hakunikimbilia. Alitua mzigo, akakata matete, akayalaza mbele yangu kama anatandika jamvi, ndipo akasema: "Kaa. Kaa kama umekalia mbuzi unakuna nazi." Nikakaa kwenye tope, nalia. Miguu ikalegea, ikatoka yenyewe.

Tangu hapo nimesuka mikeka, na ukindu wake nimeufuata mwenyewe bondeni. Siku hizi wanaoniomba niwapeleke si wasukaji. Ni watoto wa dada zangu na wenzao wa Dar es Salaam, wanaotaka kutembea tu chini ya miti, wapige picha, warudi. Sina neno. Ila kila safari narudia maelezo yale yale tangu stendi ya Lindi, na kila safari kuna mmoja hakusikiliza. Basi nayaandika.

Rutamba iko magharibi ya Lindi mjini, kama kilometa 40. Kuna ziwa, na jirani yake msitu wa hifadhi wa Litipo. Wazee wanaikumbuka zaidi kwa miaka ya 1960, ilipopokea wakimbizi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Njia ninayoizungumzia haina kibao wala jina. Inaanza kwenye mikorosho, inashuka bondeni, miti inafunga juu, kisha unatokea kwenye matete na maji, halafu unapanda tena upande wa pili. Mabonde ya namna hiyo yako mengi mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara, kwa hiyo wa Mtama au wa Kitere naye atatumia haya haya.

Kivuli kinadanganya

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowaangusha wageni, kuliko nyoka na mamba wanaowaulizia njia nzima. Mtu akitoka juani akaingia chini ya miti anasema, ah, baridi. Anaacha kunywa maji. Lakini mle ndani upepo haufiki, hewa ina unyevu, jasho linakulowesha na halikauki. Jasho lisilokauka halikupozi. Baada ya saa mbili kichwa kinagonga, mtu anadhani ana malaria.

Kunywa kabla ya kiu. Nafungasha lita tatu kwa kila mtu, na chumvi kidogo na sukari kwenye karatasi. Nikisimama kukata ukindu, kila mtu anakunywa, hata anayesema hataki. Maji ya bondeni hatunywi, hata yakiwa meupe kama ya chupa.

Kivuli kinaiba na saa. Huku mwezi wa Juni jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na ndani ya msitu giza linatangulia nusu saa nzima. Huoni likija, maana mchana wenyewe ulikuwa nusu giza. Ndiyo maana mimi siangalii jua, naangalia saa. Tunaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa sita mchana, popote tulipo tunageuka, hata kama mwisho wa njia unaonekana. Barabarani mtu mzima anakwenda kilometa nne au tano kwa saa. Kwenye tope na mizizi hesabu moja, ukibahatika moja na nusu.

Mwezi wa kwenda

Mvua zetu ni msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, zikaisha Aprili au Mei. Machi usije, njia yenyewe ni mto. Wakati wangu ni Juni na siku za mwanzo za Julai: maji yameshuka ila hayajakauka, kusi inavuma, usiku mpaka unatafuta shuka la pili. Ming'oko nayo iko kwa mama ntilie, imechemshwa, unabeba fungu lako la njiani. Ming'oko, korosho za kukaanga na chumvi, na ndizi mbivu mbili. Mkate wa duka unageuka uji ndani ya begi.

Agosti mpaka Oktoba matope yanakauka, mtu anaweza kufikiri ndio uzuri. Lakini ndipo upupu unapokomaa. Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopeperuka kwa upepo mdogo tu, na ukipita chini yake unawashwa mpaka unavua nguo mbele za watu. Tena ndio majira ya kuchoma mashamba, na moto wa nyasi haujui kwamba wewe ni mgeni.

Usiingie kimyakimya

Pita ofisi ya serikali ya kijiji, mwone mtendaji, jiandikishe kwenye kitabu cha wageni. Ukitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi wenyewe, mwone bwana misitu kwanza upate kibali. Msitu ule una mwenyewe, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haiangalii kama ulikata fito moja au kumi. Mimi ukindu wangu nachukua kwenye bonde la kijiji, nje ya mpaka, na bado naaga.

Chukua mtu wa pale pale akutangulie, umlipe. Usimchague kijana anayeongea sana. Mchague anayevua kambare bondeni, maana yeye anajua wiki hii maji yako wapi. Mwulize mambo mawili kabla ya kuondoka: tembo wamepita? Na njia ipi imefungwa? Likizo ya Juni ni wakati wa jando, na ukisikia ngoma au ukakuta tawi limelazwa kukata njia, rudi nyuma bila kuuliza sababu. Pia ukiona mti una unga mweupe chini au kitambaa kimefungwa, hapo ni pa tambiko. Pita kando, na simu ibaki mfukoni.

Miguuni

Wageni hununua gambuti. Nawaambia kila mara, gambuti ni za kuoshea gari. Likiingia maji juu unabeba ndoo mguuni, na tope likilishika unatoa mguu, gambuti linabaki. Nimeliona pacha mmoja likibaki bondeni mwezi mzima, limesimama wima kama mtu anasubiri basi. Kandambili usithubutu. Katambuga zangu nazipenda kwa shamba, lakini tope linazinyonya. Yeboyebo zinapitisha maji vizuri ila kisigino kinachomoka.

Kinachofaa ni raba za kitambaa, za kamba, zinazofika juu ya kifundo, kuukuu, zenye soli yenye meno. Zitalowa. Ziache zilowe. Kamba ifunge kwa fundo mara mbili, na ncha zake zichomeke ndani zisinase kwenye miiba. Soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi. Hapo kina mama wenzangu hunicheka, lakini navaa suruali ya mwanangu ndani na kanga juu mpaka tunapofika ukingoni, kisha kanga naifunga kiunoni. Kanga beba mbili. Moja itafuta, itafunika, itabeba mtoto, itafunga mkono ulioteguka. Nguo za bluu ya kukoza na nyeusi ziache nyumbani, zinaita mbung'o.

Simu zamani tulitia kwenye mfuko wa rambo. Tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na mimi sikulia, maana nilichoka kuziokota kwenye ukindu. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lile la siagi, simu ndani, kiberiti ndani, pesa ya bodaboda ndani. Tochi usitegemee simu. Beba ya betri.

Fimbo

Ukisahau yote, hili lishike. Fimbo yangu ni mwanzi mkavu ulionyooka, unafika kidevuni. Mwanzi ni mwepesi na una sauti: ukigonga mzizi unalia ko, ukigonga tope haulii kitu. Nimeuchonga alama mbili kwa kisu, moja usawa wa goti langu, nyingine usawa wa paja. Nachomeka mbele kabla ya kila hatua. Ukisimama kabla ya alama ya kwanza, napita. Ukivuka alama ya kwanza, nazunguka. Ukifika alama ya pili bila kugusa kitu kigumu, tunarudi mpaka mti wa mwisho tuliougusa na kutafuta njia nyingine. Alama pima kwa goti lako, usiazime fimbo ya mrefu.

Chomeka mara mbili, si mara moja. Juu ya tope la Juni kuna ganda lililokauka, fimbo ikigonga mara ya kwanza unadhani ni ardhi. Mara ya pili, kwa uzito wa mkono, ganda linapasuka.

Lakini fimbo ni ya kuhakikisha tu. Kwanza soma majani, maana mimea haihamihami. Penye mkuyu mkubwa maji yako karibu na mizizi, ila mizizi yenyewe ni daraja: kanyaga shinani, pale inapotoka kwenye mti. Penye mkindu ni ukingo, nusu kavu nusu maji, na mara nyingi panashika. Angalia miiba yake tu, ile ya chini ya kuti ni kama sindano za kushonea magunia. Penye matete maji husimama muda mrefu wa mwaka. Unaweza kupita kwa kuyalaza na kukanyaga juu yake, yakiwa mengi na mazito. Penye mafunjo usipite. Mafunjo huweza kuelea, yamesukana mizizi kama ukili, na ukikanyaga yanacheza chini yako kama kitanda cha kamba. Palipo na mayungiyungi ni maji ya kina, hapana mjadala. Na pale Julai nyasi zinapokuwa fupi, laini, za kijani kibichi kuliko pote, pazuri pa kukaa kupiga picha, hapo ndipo mimi nilipozama.

Tembea kwa mstari, hatua tatu kati ya mtu na mtu. Mkikaribiana sana wa mbele akizama wa nyuma anamwangukia. Mwenye kujua njia mbele, mtu mzima wa pili kwa uzoefu mwisho kabisa, watoto katikati. Kanyaga nyayo za aliyetangulia, lakini kumbuka kwamba kila mguu unalainisha pale pale. Watu wakizidi sita, wa saba anakanyaga uji.

Ukizama

Usivute mguu. Kuuvuta mmoja ni kuusukuma mwingine. Tupa mzigo kwenye kigumu, laza fimbo mbele yako kwa ubavu, kisha kaa kinyumenyume, polepole, kama alivyosema bibi. Ukishakaa uzito umetawanyika, hauzami tena kwa kasi. Sasa tikisa mguu mmoja mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka maji yaingie kando yake. Utasikia unalegea. Uinue ukiwa umeupinda, ulaze juu ya tope. Kisha wa pili. Baadaye jiviringishe au tambaa kwa tumbo mpaka kwenye mzizi. Utachafuka uso mzima, na hakuna anayekucheka isipokuwa watoto.

Anayeokoa asimshike mkono kwa karibu. Akate matete au makuti, alaze, alale juu yake yeye mwenyewe, anyooshe fimbo au kanga iliyosokotwa. Wanaume wawili wazito niliwahi kuwaongoza, mmoja akaingia kumvuta mwenzake huku amesimama. Nikawa na wawili.

Wanaouma na wanaowasha

Ruba atakupata, atakunywa damu, haumi sana. Usimchome kwa moto wala kumvuta katikati. Pitisha ukucha pale alipong'ata, anaachia. Siafu ukiwakuta wamekata njia, ruka mstari wao kwa hatua moja ndefu na usisimame mbele kuangalia kama wamekupanda. Tembea kwanza. Upupu ukikugusa usikune. Bandika utepe wa gundi, uubandue, rudia mpaka manyoya yatoke, ndipo uoge.

Nyoka ninaowahofia ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Amelala kwenye majani makavu, rangi moja nayo, anangoja. Ndiyo maana mguu uende pale macho yalipotangulia, na ukifika kwenye gogo panda juu yake kwanza uangalie upande wa pili, usiruke. Mtu akiumwa, mketishe, vua pete na saa, funga mguu kwa ubao na kanga usicheze, mbebe mpaka kwenye chombo, hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mzee mwenye dawa yake mpe heshima, lakini gari lisimsubiri.

Ziwani na penye maji wazi usisogee ukingoni kuosha miguu. Mamba sihitaji kumwona ndipo nimwamini. Na maji yaliyotulia yenye konokono yana kichocho, mdudu anapenya ngozi nzima bila kidonda. Ndiyo maana nazunguka hata pale ambapo kina ni cha kifundo tu, na tukilowa tunajikausha kwa kanga mara tunapofika kigumu. Baada ya wiki sita hivi au zaidi nenda zahanati ukapime, hasa ukiona damu kwenye mkojo. Mbu nao usiwasahau, huku kwetu matende na mabusha si hadithi. Lala kwenye chandarua hata ukilala siku moja.

Kinachonirudisha

Ukinyamaza asubuhi, kwenye majani makavu utasikia kitu kinakimbia, kinasimama, kinakimbia. Ni sange, pua ndefu kama mrija, miguu kama ya swala mdogo. Simama kama mti, atapita mbele yako. Juu kuna kima. Na msitu wa Litipo ni mmoja wa ile michache anakoishi komba wa Rondo, komba mdogo kuliko wote wanaojulikana, uzito wake kama gramu 60, yaani kiganja cha korosho. Wataalamu walimpa jina lake miaka ya 1990 tu, ingawa bibi alimsikia akilia kila jioni na hakuna aliyekuja kumuuliza. Mkia wake kama brashi ya kuoshea chupa. Yeye ni wa usiku, kwa hiyo humwoni saa za kutembea. Ukimtaka, lala kijijini, omba ruhusa, na usikilize ukiwa ukingoni penye ardhi kavu. Usimfuate ndani na tochi.

Sehemu ninayoipenda mimi lakini si hiyo. Ni pale katikati, baada ya mkuyu wa pili, ambapo jua linapita vitundu vitundu na ukindu unasimama kwenye maji meusi hauna hata upepo. Hapo nakata kuti moja changa, lile lililofumba bado, katikati ya mche, na mengine naacha. Ukikata moyo wote shina hilo linakufa, na mwakani utatembea mbali zaidi. Wageni nawaambia wakae kwenye mizizi dakika kumi, wasiongee. Wengi wanashindwa dakika tatu.

Mkitoka upande wa pili, vueni raba kabla ya kupanda bodaboda. Kagua nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni, kupe hupenda palipokazwa. Raba zioshe kwa maji ya kisima, zianike zimepinduliwa juu ya vijiti, mbali na moto zisipasuke. Asubuhi yake, kabla ya kuingiza mguu, zigonge chini mara mbili. Nge naye anapenda kivuli. Fimbo usiende nayo Dar. Iegemeze ukutani kwa mama wa nyumba ya mwisho, karibu na mikorosho. Zangu ziko pale tatu, zenye alama za magoti tofauti.